Jedwali la Watumiaji Lilizaliwa Kwenye Ofisi ya Gazeti

Anzisha mradi mpya wa Django leo. Usibadilishe kitu chochote. Tengeneza hifadhidata, kisha fungua jedwali linaloitwa auth_user uchungulie kilichomo. Utapata jina la mtumiaji, jina la kwanza, jina la mwisho, imeli, paswodi, tarehe ya kujiunga na mara ya mwisho kuingia. Halafu kuna visanduku vitatu vya ndiyo au la: akaunti hii iko hai? Huyu ni mfanyakazi? Huyu ndiye mkubwa wa wote?

Sasa niambie, huyo mtu ni nani?

Si mama wa mboga wa Githurai mwenye simu ya kubonyeza na hana imeli. Si jamaa wa Kajiado ambaye kitambulisho chake kina majina matatu na katikati kuna "ole". Ukiniuliza mimi, huyo ni mfanyakazi wa gazeti la Marekani mwaka 2003, amekaa kwenye meza yake, ana imeli ya ofisi, ana majina mawili yaliyonyooka, na bosi wake ametiki kisanduku kinachosema ni staff. Sisi wengine wote tumekuja baadaye tukajibana kwenye kiti chake.

Nasema hivi kwa sababu kila mtu anayejifunza kuandika kodi (hapana, si ile ya KRA) huuliza swali lilelile: kwa nini mafunzo mengi ya Django yanakuambia utengeneze modeli yako ya mtumiaji kabla hujafanya kitu kingine? Jibu la haraka ni "utajuta". Jibu la kweli ni historia ya miaka ishirini, na ni historia tamu, kwa hivyo kaa chini.

Lawrence ni mji wa chuo kikuu katika jimbo la Kansas, Marekani. Hapo kuna gazeti linaloitwa Lawrence Journal-World, na gazeti hilo lilikuwa na kitengo cha intaneti chenye wasee wachache walioharakishwa kila siku. Mhariri anataka ukurasa wa matokeo ya uchaguzi, anautaka leo jioni, si mwezi ujao. Mwaka 2003 Adrian Holovaty na Simon Willison, wakifanya kazi hapo, walianza kuandika kurasa zao kwa lugha ya Python, na kila kitu walichokirudia mara tatu wakakitoa pembeni kikawa kifaa cha kutumia tena. Vile vifaa vikiungana ndivyo vikawa kiunzi, yaani mifupa ya programu iliyokwisha kusimamishwa, wewe unaongeza nyama. Julai 2005 wakakitoa bure kwa dunia. Wakakiita Django, kwa heshima ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazz aliyeungua mkono akajifunza upya kupiga kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Fahari ya Django tangu mwanzo ilikuwa ule ukurasa wa usimamizi ambao unajitengeneza wenyewe. Mwandishi anaingia, anaandika habari, anabonyeza, habari iko hewani. Kile kisanduku cha "ni mfanyakazi?" kazi yake mpaka leo ni hiyo tu: kusema kama huyu mtu anaruhusiwa kuingia kwenye ukurasa wa usimamizi. Ni mlango wa chumba cha habari. Ukijenga programu ya kuagiza chakula Rongai, mteja wako anayetaka chapati na maharagwe ana sanduku pembeni ya jina lake linalouliza kama ni mfanyakazi wa gazeti. Mimi huwa nacheka kila nikiliona.

Lakini tuwe wa haki. Kuna sehemu moja ya mfumo huo ambayo hao watu waliijenga kwa akili sana, nayo ni paswodi.

Paswodi za kompyuta zina umri mkubwa kuliko wazazi wa wengi wetu. Miaka ya mwanzo ya sitini pale MIT kulikuwa na mfumo unaoitwa CTSS, ulioongozwa na Fernando Corbató, ambao uliruhusu watu wengi kutumia mashine moja. Kila mtu alikuwa na mafaili yake, kwa hivyo kila mtu akapewa paswodi yake. Na paswodi zote zikawekwa kwenye faili moja, zikiwa wazi kabisa. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, alitaka muda zaidi wa kutumia mashine kuliko aliopewa. Akaomba mfumo umchapishie hilo faili, ukamchapishia, akaingia kwa paswodi za wenzake. Yeye mwenyewe alikuja kueleza miaka mingi baadaye. Halafu mwaka 1966 kukatokea kioja: mafaili mawili yakabadilishana nafasi, na kila aliyeingia, badala ya kusalimiwa na tangazo la siku, akaonyeshwa orodha nzima ya paswodi za watu.

Dawa yake ilijulikana mapema: usihifadhi paswodi, hifadhi unga wake. Fikiria posho mill. Mahindi yanaingia, unga unatoka, na hakuna mashine duniani inayorudisha unga kuwa mahindi. Ukiandika paswodi yako, mfumo unaisaga kisha unalinganisha unga na unga. Mwizi akiiba hifadhidata anabeba magunia ya unga tu. Ndani ya kodi kusaga huko kunaitwa hashi.

Shida ni kwamba mahindi yaleyale hutoa unga uleule. Watu elfu moja wakitumia paswodi moja, mwizi akivunja mmoja amewavunja wote. Ndipo ikaja chumvi: kabla ya kusaga, kila mtu anaongezewa kipande chake cha herufi za kubahatisha, ili unga wa kila mtu utoke tofauti. Django ya mwanzoni, hata toleo la 0.90, ilisaga kwa MD5 bila chumvi. Baada ya 0.90 ikaweka chumvi na kusaga kwa SHA1. Kampuni kubwa zenye pesa zilikuwa bado hazijafika hapo. RockYou walivamiwa Desemba 2009 na paswodi zaidi ya milioni 32 zikakutwa ziko wazi, hazijasagwa hata kidogo. LinkedIn, Juni 2012, hashi milioni 6.5 zikamwagwa mtandaoni, SHA1 bila chumvi. Wasee wa gazeti la Kansas walikuwa wameshatoka hapo miaka kadhaa nyuma.

Machi 2012 toleo la 1.4 likabadilisha mashine yenyewe. Kompyuta za wezi zilikuwa zimekuwa na kasi mno, kwa hivyo Django ikaanza kutumia PBKDF2, ambayo inasaga ule unga tena na tena kwa makusudi ili kila jaribio la mwizi limgharimu muda. Ilianza na mizunguko 10,000. Kila toleo linaongeza: 100,000 kwenye 2.0, 600,000 kwenye 4.2, na kwenye 5.2 ya mwaka 2025 imefika 1,000,000.

Sasa hapa ndipo pananifurahisha. Mfumo haujui paswodi yako, unao unga tu. Basi unawezaje kuupandisha kutoka SHA1 hadi PBKDF2? Hauwezi, mpaka urudi wewe mwenyewe. Siku ukiingia, kwa ile sekunde moja ambayo paswodi yako iko mkononi mwake, unaisaga upya kwa mashine mpya na kuandika juu ya ile ya zamani. Hujui kama kuna kitu kimefanyika. Maana yake pia ni kwamba akaunti ambayo mwenyewe hajaingia tangu 2011 imebaki na unga wa 2011, isipokuwa kama kuna fundi aliyefanya kazi ya ziada. Kumbuka hilo unapojisifu kwamba mfumo wako umesasishwa.

Kwa hivyo paswodi zilitunzwa vizuri. Kilichowashinda ni jina.

Mwanzoni jina la mtumiaji kwenye Django lilikuwa na kikomo cha herufi 30, na ndani yake ziliruhusiwa herufi, tarakimu na ile mstari wa chini tu. Kwa chumba cha habari inatosha kabisa. Lakini kufikia 2007, 2008, tovuti nyingi zilikuwa zinataka watu waingie kwa imeli, maana nani anakumbuka majina ya kubuni? Imeli ina alama ya @. Django ikaikataa. Mei 2010, toleo la 1.2, wakairuhusu @ pamoja na nukta na alama ya kujumlisha, lakini kikomo cha 30 kikabaki. Imeli ngapi za wanafunzi wa vyuo unazozijua zinazidi herufi 30? Zangu mbili.

Na ile safu yenyewe ya imeli haikuwa imefungwa kuwa ya kipekee. Bado haijafungwa. Ukitumia modeli ya kawaida leo, watu wawili wanaweza kuwa na imeli moja na hifadhidata isiseme kitu.

Mafundi wakaanza kuchokonoa. Wengine walisaga imeli, wakakata herufi 30 za kwanza za unga wakazifanya jina la mtumiaji. Wengine walirefusha safu kwa mkono wakiwa gizani. Njia rasmi ilikuwa "wasifu": unaacha jedwali la mtumiaji lilivyo, unaunda jedwali la pili lenye namba ya simu na kaunti na chochote unachotaka, kisha unaita get_profile kila ukimhitaji. Kwa kifupi, mtu mmoja anaishi nyumba mbili, na kila ukimtafuta unapiga hodi mara mbili.

Kulikuwa na mlango mmoja uliofunguliwa mapema, na mimi naona haupewi heshima yake. Django iliruhusu uandike bekendi zako za uthibitishaji. Fikiria askari kadhaa wamepanga foleni getini. Wa kwanza anaangalia jina na paswodi. Hamjui mgeni? Anamsukuma kwa wa pili, ambaye labda anaangalia imeli. Wa tatu anauliza kwenye mfumo wa chuo. Yeyote akisema "huyu namjua", lango linafunguka. Wewe ndiye unayepanga foleni kwenye faili la mipangilio. Kwa hiyo unaweza kubadilisha *jinsi* mtu anavyotambuliwa bila kugusa jedwali. Lakini askari wakishamkubali, yule anayeingia ndani bado ni yuleyule wa gazeti, mwenye jina la kwanza na jina la mwisho.

Ombi la kubadilisha mtu mwenyewe liliandikwa kwenye orodha ya matatizo ya Django mwaka 2006, namba 3011. Likajibiwa kikamilifu mwaka 2013. Miaka saba, manze. Mtoto aliyezaliwa siku lilipoandikwa alikuwa shule ya msingi.

Ni rahisi kusema walikuwa wavivu. Hapana. Tatizo ni kwamba Django ilikuwa imeshakuwa mji. Mamia ya vifaa vya watu wengine, vya maoni, vya malipo, vya blogu, vilikuwa vimechomekwa moja kwa moja kwenye lile jedwali. Ukilisogeza, nyaya za jirani zinakatika. Tena wakati huo Django haikuwa na njia yake yenyewe ya kubadilisha majedwali yaliyokwisha kujengwa. Hiyo ilikuja Septemba 2014, toleo la 1.7, kazi ya Andrew Godwin iliyochangiwa na watu kupitia Kickstarter. Kabla ya hapo, kubadilisha 30 kuwa 31 kwenye kodi ya Django kungemlazimu kila mwenye tovuti duniani aende akabadilishe hifadhidata yake kwa mkono. Ungekubali kuwa wewe uliyewapelekea hiyo barua?

Aliyelimaliza ni Russell Keith-Magee, wa Perth, Australia, mwaka 2012, na likatoka kwenye toleo la 1.5 mnamo Februari 2013. Suluhisho lake halikujaribu kukisia mtumiaji kamili wa dunia nzima. Lilikuacha uandike mstari mmoja, AUTH_USER_MODEL, unaosema: kwenye mradi huu, mtumiaji ni *huyu* wangu. Kuna njia mbili. Ya kwanza unachukua kila kitu cha zamani na kuongeza chako. Ya pili unapewa paswodi na mara ya mwisho kuingia, basi, mengine yote unajijengea, pamoja na kuchagua ni safu gani mtu ataingia nayo. Imeli, namba ya simu, namba ya mwanachama, hiari yako. Vile vikomo vya zamani navyo vikaanza kulegea polepole: jina la mtumiaji likafika herufi 150 mwaka 2016, jina la mwisho 150 mwaka 2017, jina la kwanza likasubiri mpaka 2020.

Lakini kuna sharti, na sharti hili ndilo linaloliza watu. Lazima uandike huo mstari *kabla* hujatengeneza majedwali. Ukichelewa, kila jedwali linalomtaja mtumiaji limeshafunga ndoa na lile la zamani, na Django haitakuvunjia hiyo ndoa yenyewe. Ndiyo maana maelezo yake rasmi yaliwahi kushauri uweke modeli yako mwenyewe hata kama ile ya kawaida inakutosha kwa sasa.

Mwaka juzi nililetewa mfumo wa chama kimoja, wanachama kama mia na hamsini. Aliyeujenga alitumia mtumiaji wa kawaida. Wanachama wengi hawakuwa na imeli, kwa hivyo alichukua namba ya simu akaiweka kwenye safu ya jina la mtumiaji, na kwenye imeli akabuni anwani za uongo. Kwa nini simu? Kwa sababu Kenya ni Kenya. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, namba ya simu na PIN ndiyo namna watu wetu wanavyojua kuthibitisha kwamba wao ni wao. Hata nyanya yangu, ambaye hajawahi kuwa na imeli, anaelewa hilo bila kufundishwa. Kwa hiyo simwoni huyo fundi kuwa mjinga. Alikuwa anajaribu kumkalisha Mkenya kwenye kiti cha Kansas.

Kasoro ni kwamba namba ya simu si mtu. Mama mmoja wa chama alihama, laini yake ikakaa muda mrefu bila kutumika, ikafungwa, na namba ikauzwa upya kama ilivyo kawaida ya kampuni za simu. Kijana aliyeinunua akaanza kupokea ujumbe wa michango. Halafu, kwa udadisi tu, akabonyeza "nimesahau paswodi". Kodi ya siri ikaja kwenye simu yake, na ndani ya dakika mbili alikuwa anaangalia mkopo wa mama asiyemjua, adhabu zake na majina ya wadhamini wake. Bahati yetu alikuwa mstaarabu akampigia mweka hazina. Si kila mtu angepiga.

Kutenganisha mtu na namba yake kwenye mfumo ule kulichukua wiki tatu, kwa sababu michango, mikopo, faini na kumbukumbu za mikutano zote zilikuwa zimefungwa kwenye jedwali la kawaida. Tulijenga mtumiaji mpya mwenye namba yake ya ndani isiyobadilika na isiyoonekana. Simu ikawa kitu anachomiliki, chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Jina likawa safu moja ndefu, uandike "arap", "binti", "wa" au chochote mama yako alichokupa. Ingefanywa siku ya kwanza, ni mchana mmoja wa kazi.

Na msidhani imeli ndiyo salama. Desemba 2019 Django ilitangaza hitilafu kwenye fomu ya kubadilisha paswodi. Kituruki kina herufi ı, i isiyo na nukta, ambayo ikiwa kubwa inakuwa I kama yetu. Fomu ilikuwa inalinganisha imeli bila kujali herufi kubwa na ndogo, kwa hivyo anwani ya mwizi yenye ı ingeweza kuonekana sawa na ya mwenye akaunti yenye i. Hapo sawa, lakini kiungo cha kubadilishia kilitumwa kwenye anwani *iliyoandikwa kwenye fomu*, si ile iliyohifadhiwa. Nukta moja, akaunti imeenda. Wakarekebisha kwa kulinganisha upya na kutuma kwa ile iliyohifadhiwa. Mfumo ulikuwa na umri wa miaka 14, umepitiwa na macho ya maelfu ya watu, na bado lilikuwamo.

Kuna alama moja zaidi ya gazeti ambayo iliishi muda mrefu kuliko zote. Kwenye Django, kila ukurasa unaotengeneza uko wazi kwa dunia mpaka wewe uufunge, mmoja mmoja. Kwa gazeti hiyo ni busara, habari ni ya kusomwa. Kwa chama, kliniki au shule, ni hatari: ukisahau kufunga ukurasa mmoja kati ya arobaini, ndio huo utakaopatikana. Ilibidi ungoje Agosti 2024, toleo la 5.1, kupata njia iliyojengwa ndani ya kugeuza mambo: kila kitu kimefungwa, wewe unachagua cha kufungua. Tena ni ya hiari, huipati mpaka uiongeze mwenyewe kwenye mipangilio.

Novemba 2023 DjangoCon ya kwanza ya Afrika ilifanyika Zanzibar. Nawaza kama Django ingezaliwa huko badala ya Kansas, lile jedwali lingekuwa na nini. Simu, kwa hakika. Jina la baba na la babu. Nadhani safu ya kwanza kuachwa ingekuwa imeli, na mtu wa Lawrence angekuwa anaandika post kama hii akilalamika.

Wewe ukianza mradi usiku huu, mstari wa AUTH_USER_MODEL unatangulia, halafu ndiyo majedwali.